Karafuu ndizo zilizokuponza

Dada, umesema umetia karafuu kumi kwenye birika moja la kahawa, ulimi ukafa ganzi. Si ajabu! Mafuta ya karafuu ndiyo yale yale watu wanayotilia jino linalouma. Kwa nusu lita ya maji mbili zatosha, na mie hata hizo huziopoa mapema.

Egemea hiliki zaidi. Chukua tano, zipondeponde kinuni pamoja na maganda yake, usizifanye unga. Tangawizi iwe kavu, kipande kama ncha ya kidole. Mbichi hunifanya nione nakunywa chai. Chemsha viungo na maji kwanza, harufu itoke, ndipo utie kahawa vijiko vitatu vya chakula. Punguza moto, ikianza kufura epua, iache dakika tano masimbi yatuame. Usiikoroge tena.

Mdalasini wa unga sitii, huacha utelezi kikombeni.

Sukari nayo iweke mbali na birika. Pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe kule Unguja, watu wanakunywa chungu na utamu wanautafuta kwenye kashata. Sie wa Pemba tunangoja halua ya Wete.