Projekta moja, wanafunzi 70: maswali ya walimu

Swali: Nina kompyuta mpakato na projekta, basi. Kidato cha pili kina wanafunzi 70 na intaneti shuleni hakuna. Simulesheni za umeme, yaani majaribio ya kuigizwa kwenye kompyuta, zitanifaa?

Zitakufaa, mradi usizigeuze sinema. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, unatoa simulesheni bure, na zile za HTML5, zinazofunguka kwenye kivinjari, unaweza kuzipakua. Nenda penye mtandao, pakua ile ya kuunda saketi za betri, iweke kwenye fleshi, kisha uifungue kwa Chrome au Firefox. Ijaribu intaneti ikiwa imezimwa kabla ya siku ya somo.

Darasani, chora kwanza ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfuatano. Ipi itawaka zaidi: ya kwanza, ya pili, au zitalingana? Kila mwanafunzi ajibu kwa kidole kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa kifuani ili asimwige jirani. Wapo watakaochagua ya kwanza wakiamini inakula umeme na kuiachia mwenzake makombo. Usiwasahihishe. Wape dakika 2 wabishane wawili wawili, wapige kura tena, ndipo ufunge swichi kwenye simulesheni na kuweka ameta, kipimo cha mkondo wa umeme, kabla na baada ya balbu ya kwanza. Namba ni ileile pande zote mbili.

Kinachoharibu zoezi hili ni mwalimu kung'ang'ania kipanya kipindi kizima. Mwite mwanafunzi akishike, wenzake wamwelekeze. Pia waambie kwamba elektroni si vigololo vya buluu kama wanavyoviona kwenye skrini. Huo ni mchoro tu. Ukipata betri kavu na balbu mbili za tochi, malizia nazo. Balbu za dukani huenda zisilingane sawasawa kama za kwenye skrini, na swali la kwa nini ni zuri kuliko yote ya siku hiyo.

Swali: Picha ya projekta hafifu sana mchana.

Isogeze karibu na ukuta. Ukipunguza umbali kwa nusu, picha inabaki robo ya eneo lake na mwanga wake unakolea mara 4. Ila usiifanye ndogo mno: aliyekaa mita 8 nyuma anahitaji picha yenye kimo cha mita 1.3 hivi, kwa hiyo safu za nyuma nazo zisogee mbele. Funika madirisha yaliyo karibu na picha, ya nyuma yaache. Andika kwa herufi nyeusi juu ya nyeupe. Mandhari meusi yanayopendeza kwenye kompyuta hufifia ukutani. Rangi ya ukuta isiwe ya kung'aa.

Swali: Video ya dakika 25 kuhusu mmeng'enyo wa chakula inawasinzisha.

Hata mtu mzima ingemsinzisha. Ikate vipande visivyozidi dakika 6, na kabla ya kila kipande andika swali moja ambalo jibu lake limo humo. Kipande kimoja kionyeshe bila sauti, wanafunzi wasimulie wenyewe kinachotokea tumboni. Atakayekwama atajua mara moja asichokielewa.

Swali: Tununue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtu ajione yumo ndani ya picha?

Kwa sasa, hapana. Ile ya karatasi ngumu ni rahisi, lakini simu isiyo na kihisi cha mzunguko haigeuzi picha unapogeuza kichwa, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Programu nazo hufa: Google Expeditions, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule, ilifungwa mwaka 2021. Tena miwani moja kwa darasa lako ina maana 69 wanasubiri.

Badala yake weka Stellarium, programu inayoonyesha anga na nyota zake, kwenye kompyuta; ni bure na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Chagua eneo la shule yenu, weka saa 2 usiku, geukia mashariki, kisha bonyeza L mara kadhaa. Wataona nyota zikipanda karibu wima, kama zinavyopanda kweli huku kwetu karibu na ikweta. K inarudisha mwendo wa kawaida.