Maswali na majibu: Mwanangu anataka kusomea uchunguzi wa kompyuta

Binti yangu amepata B- kwenye mtihani wa kidato cha nne na anataka kusomea usalama wa mtandao na uchunguzi wa kompyuta. Majirani wanasema anakwenda kufundishwa wizi. Nimruhusu? (Mama, Likoni)

Mruhusu, mama, tena kwa moyo mkunjufu. Ni kweli atafundishwa wezi wanavyoingia, kwani hulindi nyumba usiyoijua milango yake. Shahada huanzia C+, ila kila kozi ina masharti yake ya masomo, na hesabu ndiyo hutazamwa sana. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo, kina shahada ya usalama na uchunguzi wa kompyuta. Kama hutaki awe mbali, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, kinafundisha teknolojia ya habari. Akishaupata msingi huo, atabobea baadaye.

Mtu anasoma nini hasa? Kwenye filamu naona mtu anabonyeza mara tatu, siri zote nje. (Kidato cha nne, Changamwe)

Mwanangu, sehemu kubwa ni subira na kuandika. Tuseme karani wa ofisi ya kliaringi, yaani ya kutoa mizigo bandarini, anashukiwa kughushi hati za mizigo, na laptopu yake imeletwa mezani. Mchunguzi haiwashi akaanza kupekua, maana kuiwasha tu kunabadilisha mafaili. Kwanza anaandika imetoka kwa nani, saa ngapi, ikiwa na hali gani. Kisha anaitoa diski, anaiunganisha na kifaa kinachozuia chochote kuandikwa juu yake, na kunakili kila kilichomo. Kazi yote hufanyiwa kwenye nakala.

Nakala hiyo hupigiwa heshi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na data yenyewe. Heshi ya aina ya SHA-256 huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ongeza koma moja kwenye faili, alama inageuka kabisa. Heshi ya diski na ya nakala zikilingana, hakuna wa kudai umepachika kitu.

Na hapo bado mahakama. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaweka masharti ya kupokea rekodi za kielektroniki, pamoja na cheti kinachoeleza zilivyopatikana. Wakili wa upande wa pili atauliza: Jumanne jioni diski hii ilikuwa kwa nani? Kama daftari lako halina jibu, ushahidi wako unaingia doa, hata uwe hodari namna gani wa kompyuta. Kwa hiyo penda insha zako kama unavyopenda hesabu. Wanaopuuza ripoti ndio huteseka kwenye kozi hii, na nawahurumia.

Laptopu yangu ina ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 tu. Nisubiri ninunue nyingine? (Mwaka wa kwanza, Bamburi)

Usisubiri. Weka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, jifunze amri zake, kisha weka programu ya Wireshark uone data inavyopita kwenye mtandao wako wa nyumbani. Zote ni za bure. Autopsy, programu ya kuchunguzia diski, pia ni ya bure, ila kwa ramu hiyo itakwenda kwa kujikokota. Itumie kwenye maabara ya chuo.

Kazi ziko Nairobi tu? (Baba, Kisauni)

Nyingi ziko huko, ndugu yangu, lakini sisi tuna bandari. Kati ya 2011 na 2013, walanguzi wa mihadarati waliwatumia wadukuzi kuingia kwenye mifumo ya kampuni za bandari ya Antwerp, Ubelgiji, wakajua kontena zenye mzigo wao ziko wapi na kuziondoa kabla ya wenyewe kufika. Bandari yetu ya Kilindini nayo inaendeshwa kwa kompyuta. Kebo za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua papa hapa Mombasa mwaka 2009. Ongeza mabenki, hoteli na ofisi za kliaringi. Natamani vijana wetu ndio wawe walinzi wa vitu hivi.

Mimi na mwenzangu tumegundua tundu kwenye mfumo wa matokeo wa chuo. Tuchimbe zaidi ndipo turipoti? (Mwaka wa pili, Tudor)

La, simameni hapo hapo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, inatoza faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia bila idhini. Nia njema haiwi idhini. Msipakue matokeo ya mtu, msimwonyeshe rafiki. Andikeni mlichokiona, tarehe na saa, mkampe mhadhiri mnayemwamini awafikishe kwa wasimamizi wa mfumo. Wakitaka mpime zaidi, waombeni ruhusa kwa maandishi, yenye sahihi, kabla ya kugusa chochote.