LM317 inayoongozwa na kompyuta: usiguse ukinzani, endesha mguu wa ADJ

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuondoa potenshometa (rezista inayorekebishika) ya LM317, ile chipu ya kudhibiti volti, na kuweka ya kidijitali, MCP41010, ili Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) ikupe hadi volti 15 kwa amri ya kompyuta. Nilianza na wazo hilohilo, na nakusihi usilifuate. MCP41010 huendeshwa kwa volti 5, na miguu yake hairuhusiwi kupokea volti zinazozidi hizo. LM317 ikitoa volti 15, mguu wa ADJ, yaani wa kurekebishia, unakuwa na volti 13.75, ambazo zote zitaiangukia chipu hiyo.

LM317 hudumisha tofauti ya volti 1.25 kati ya mguu wa kutolea na ADJ, kwa hiyo ukiishikilia ADJ kwenye volti 10 utapata 11.25. Mimi hutumia MCP4725, chipu ambayo hugeuza namba kati ya 0 na 4095 kuwa volti 0 hadi 5, kisha LM358, chipu ya kukuza volti, inayokula volti 24 huzizidisha mara 3 na kuzipeleka ADJ. Unapata volti 1.25 hadi 16.25, kwa hatua za milivolti 3.7 hivi. Rezista ya omu 240 tuliyoizoea kati ya kutolea na ADJ iondoe, maana mkondo wake ungemezwa na LM358, ambayo karibu na volti 0 haina nguvu hiyo. Badala yake weka transista moja inayovuta miliampea 10 kutoka kwenye kutolea hadi graundi, kwani LM317 bila mzigo mdogo kama huo haitulii.

Sasa jambo lililonigharimu. Siku ya kwanza niliwasha saketi ikiwa imeunganishwa na kifaa cha volti 5, kabla kompyuta haijatuma amri yoyote, nacho kikaungua papo hapo. MCP4725 hutoka kiwandani ikiwa na namba ya katikati kwenye kumbukumbu yake ya kudumu: volti 2.5 mara 3, jumlisha 1.25, ni volti 8.75. Andika 0 kwenye kumbukumbu hiyo kwanza, ukiwa na multimita tu kwenye kutolea. Kumbuka pia kwamba Arduino Uno hujiwasha upya kila programu ya kompyuta inapofungua mawasiliano nayo, ilhali MCP4725 inaendelea kushikilia volti za zamani. Kwa hiyo amri ya kwanza ndani ya Arduino iwe ya kuirudisha 0.

Usiilishe MCP4725 kwa volti za USB, kwa sababu volti zinazoilisha ndizo inazopimia volti inazotoa, na za USB hupandashuka. 78L05 inayojitegemea, chipu inayotoa volti 5 thabiti, inatosha.

Kuhusu joto, volti 24 zikiingia na 5 zikitoka kwa ampea 1, LM317 inachoma wati 19, mzigo ambao kipoozeo cha kawaida hakiuwezi. Nimeweka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayoongozwa na Arduino hiyohiyo, ambayo chini ya volti 8 huipa LM317 volti 12 badala ya 24, na wati zikashuka hadi 7.