Asilimia 2 ni ya pato la taifa, si ya bajeti
Hapana ndugu, umesema sheria ya Kenya inatenga asilimia 2 ya bajeti kwa utafiti, lakini asilimia hiyo si ya bajeti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya serikali itoe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti (National Research Fund). Ni pesa nyingi zaidi kuliko unavyodhani, ila hatujawahi kuzifikia. Takwimu za UNESCO za 2010 zilionyesha matumizi yote ya utafiti Kenya ni asilimia 0.79 ya pato la taifa, na karibu nusu ilitoka nje ya nchi. Serikali ilichangia kama robo tu.

Mimi niko huku Njoro, na hilo linaniuma. Kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, hapa kimepima maelfu ya aina za ngano dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu unaoharibu ngano, hasa ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa kwanza Uganda, na kazi hiyo imetegemea sana wafadhili kama Bill & Melinda Gates Foundation. Ngano inayolindwa ni yetu pia. Takwimu hizo za UNESCO ni za zamani kidogo, lakini sheria bado ni ileile.