Tindo ya springi inameguka mdomo: shida si ugumu

Mkuu, umesema tindo zako za springi ya lori zinameguka mdomo, na sasa unataka kuzizamisha kwenye maji ya chumvi ziwe ngumu zaidi. Nakuomba usifanye hivyo. Nimewafulia tindo wapasua mawe hapa Mwanza miaka 14, na granite ya huku haina huruma. Tindo inayomeguka tayari ina ugumu wa kupita kiasi. Ilichokosa ni kuvumilia pigo.

Chukua moja iliyoharibika, vunja mdomo wake makusudi, utazame palipovunjika juani. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza niliona chembe zinameremeta kama sukari. Nilikuwa navukuta mpaka chuma kinakaribia kuwa cha njano, nikidhani ndiyo kuiva. Kumbe joto likizidi, chembe za ndani zinakua, na ufa ukishaanza hakuna cha kuuzuia. Siku hizi natumia sumaku: kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi sumaku haikishiki tena chuma. Nakiongeza moto kidogo tu, kama nyuzi 830 hadi 850, nakizamisha. Kikivunjwa, ndani ni kijivu laini kama majivu.

Springi nyingi za malori ni jamii ya chuma cha 5160: kaboni karibu 0.6%, kromi na manganizi kama 0.8% kila kimoja. Kromi na manganizi ndivyo vinavyokiwezesha kukaza, yaani kuwa kigumu, hata kikipoa kwa mwendo wa oili. Maji ya chumvi yanakishtua, kinapasuka hata kabla hujakipiga nyundo. Mimi natumia mafuta ya kupikia yaliyotumika, nayapasha hadi nyuzi 50 au 60 kwanza.

Sasa hapa ndipo naamini unapokosea: kurudisha moto, yaani kukipasha tena kwa joto dogo ili kipunguze ugumu na kivumilie pigo. Chuma kikitoka kwenye oili ni kama chupa, usikiache kilale hivyo. Nasugua mdomo kwa msasa mpaka ung'ae, kisha naweka kiwiliwili cha tindo juu ya pande la chuma la moto, mdomo ukiwa nje, nikiwa kivulini. Rangi inaanza kutembea taratibu kuelekea mdomoni: njano ya majani makavu, kahawia, halafu zambarau. Zambarau ikigusa makali, karibu nyuzi 280, nazamisha. Kwa tindo ya mbao ningeishia kwenye njano. Kwa jiwe, hapana. Ugumu kidogo unaoupoteza hapo ndio unaoiokoa tindo.

Kichwa, upande unaopigwa nyundo, usikikaze kabisa, kibaki laini. Kikianza kuchanua kama uyoga, kipige grainda mapema. Kijana wangu wa kazi alirukiwa na kibanzi kutoka kwenye kichwa cha namna hiyo, kikampasua juu ya nyusi. Kingeshuka sentimita moja, lilikuwa jicho. Tangu siku hiyo hakuna anayepokea tindo kwangu bila miwani.

Kama kazi ni kubwa na una tanuri la umeme, tafuta chuma cha S7, kilichotengenezwa mahususi kwa mapigo. Kina kaboni 0.5% hivi, kromi zaidi ya 3%, na molibdeni kama 1.4%. Kinapashwa hadi nyuzi 940 na ushee, kinakaza kwa kupoa hewani tu, kisha kinarudishwa moto wa nyuzi 200 na kitu, mara mbili. Nduguye S5 anategemea silikoni, karibu 2%. Silikoni inachelewesha kaboni kujitenga wakati wa kurudisha moto, hivyo unaweza kukipandishia joto zaidi na bado makali yakabaki.

Usidanganywe na D2 kwa sababu ya kromi yake 12%. Kaboni yake inafika 1.5%, ni chuma cha kukatia mabati, nyundo inakivunja. Tupa kuukuu za kunolea nazo ni hivyo hivyo, kaboni yake inapita 1%. Anza na hiyo springi uliyonayo: fua tindo moja, ifikishe zambarau, mpe mpasua mawe wiki nzima, halafu utuletee picha ya mdomo wake hapa.