Redio ilimjibu kabla ya ofisi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: kwa nini askari wa Marekani aliyeipigania nchi yake aje kuwa msikilizaji wa kudumu wa redio zinazohubiri kwamba serikali ni adui? Najibu kwa sababu nimemuuguza mmoja wao.

Nilikuwa mlezi wake wa zamu ya usiku, Ohio. Alipigana Vietnam. Nilimwita mzee, neno hilo akajifunza maana yake na kulipenda. Juu ya meza ya jikoni alikuwa na redio ya masafa mafupi, waya wa antena umepita dirishani hadi kwenye mti uani. Saa nane usiku mikono ilimtetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson hata kitufe cha kutafuta stesheni kikamshinda, nami namshikia. Pembeni ya redio palikuwa na bahasha ya kaki iliyovimba: barua za ofisi ya serikali za kumnyima mafao ya maradhi yake, moja baada ya nyingine.

Watu husema wazee hawa wamepumbazwa na watangazaji. Sikubali. Chambo cha redio zile kilikuwa ukweli. Jeshi lilimwaga Agent Orange, sumu ya kuua mimea, huko Vietnam miaka ya sitini hadi 1971, na sheria ya kukiri kuwa iliwaletea askari maradhi ikaja 1991. Parkinson iliingizwa kwenye orodha ya maradhi hayo mwaka 2010. Hesabu miaka hiyo ukiwa ndani ya mwili unaotetemeka! Waliopigana Iraki katika vita vya Ghuba nao: Machi 1991 walilipua ghala la silaha la Khamisiyah, na ni 1996 ndipo Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilipokiri kwamba ndani yake mlikuwa na gesi ya sumu. Mtu aliyefichwa mambo kama hayo, ukimletea uongo wa kutunga hataudai ushahidi.

Na aliyeuleta alikuwa mwenzao. William Cooper, aliyehudumu Vietnam katika jeshi la majini, alitangaza kwenye masafa mafupi miaka ya tisini, akichanganya machungu ya kweli na njama za kubuni. Mzee wangu alikuwa na kaseti alizomrekodi mwenyewe. Cooper aliuawa Novemba 2001 huko Arizona akirushiana risasi na polisi waliokwenda kumkamata.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Timothy McVeigh, aliyerudi na nishani kutoka vita vya Ghuba kisha akaiona serikali kuwa adui, alilipua jengo la serikali Oklahoma City tarehe 19 Aprili 1995. Watu 168 walikufa, 19 kati yao watoto. Askari wengi waliosikiliza redio hizo hawakumgusa mtu. Walikaa majumbani kwao wakisikiliza. Lakini watangazaji walijua wanaongea na watu waliofunzwa kuua, wenye kidonda kibichi, na bado waliendelea kukitonesha, kisha wakaingiza tangazo la dhahabu na vyakula vya kopo vya kuweka akiba.

Barua ya kukubaliwa ilifika mwaka 2011. Niliisoma kwa sauti, akaniomba niirudie. Akaikunja kwa shida, akaitia kwenye bahasha ileile pamoja na zile za kukataliwa.

“Nani amewalazimisha?” akaniuliza.

Kisha akaniomba nimtafutie stesheni yake.