Mkuu wa Masasi, usitume hiyo pesa

Swali lako nimelisoma: una milioni tatu za korosho, unataka kompyuta ya kuhariri video za harusi, printa na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na muuzaji wa Dar kakwambia uchukue yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya Intel, i7 ya kizazi cha 7, kwa sababu "AMD zinachemka" (AMD ndiyo kampuni inayoshindana na Intel). Usitume! Maneno hayohayo niliambiwa mimi Agosti 2017, na yalinila milioni nne na laki mbili.

Nilikuwa na studio ndogo Chikongola, hapa Mtwara mjini. Nikaagiza mashine mbili za i7-7700, kizazi hichohicho cha 7, pesa ya korosho za mzee kule Newala. Nilimuuliza muuzaji, hizi Ryzen mpya za AMD vipi? Akacheka: "Hizo zinachemka kama chungu cha pweza, achana nazo." Hakuniambia kwamba Ryzen 5 1600 ilitoka Aprili mwaka uleule kwa dola 219 ikiwa na kori 6 (vitengo vya kazi ndani ya chipu), wakati i7-7700 ya kori 4 bei yake elekezi ilikuwa dola 303. Alikuwa na mzigo dukani, anataka uishe. Nikimkumbuka mpaka leo nachukia.

Oktoba, miezi miwili tu baadaye, Intel haohao wakatoa i5-8400: kori 6, dola 182. Huruma imetoka wapi? Hakuna huruma. Karibu miaka kumi walitupa kori 4 kwenye kompyuta za kawaida kwa kuwa hakuna aliyewasumbua. Mwaka 2016, aliyetaka kori 8 kwenye chipu za mezani za Intel alitoa zaidi ya dola 1,000. Machi 2017 AMD akaja na Ryzen 7 1800X, kori 8, dola 499. Hapo ndipo kori zikapatikana!

Nikasema basi nibadilishe prosesa tu. Fundi akafungua kava, akanionyesha: soketi (tundu la prosesa) ni LGA 1151, ya kizazi cha 8 kama ile i5-8400 nayo LGA 1151, lakini madabodi yangu (ubao mkuu) haiikubali. Ununue na madabodi mpya. Jumamosi moja mama wa bibi harusi alikaa kwenye benchi langu tangu alasiri, flashi mkononi, mstari wa kurenda (kuikamilisha video) umesimama asilimia 63. Ilipoadhiniwa magharibi akainuka, akaenda studio ya jirani. Wadogo wa bibi harusi wote wawili waliolewa baadaye, video kafanya jirani.

Na wewe unauziwa kizazi hichohicho leo, wakati karibu chipu zake zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Sikwambii uwe shabiki wa AMD. Walipoongoza wao, Novemba 2020, Ryzen 5 5600X ikatoka dola 299, dola 50 juu ya 3600X iliyotangulia. Januari 2022 Intel wakaleta i5-12400 chini ya dola 200, na Aprili AMD naye akashusha Ryzen 5 5600 kwa dola 199. Umeona? Kwa hiyo kabla ya kulipia chipu yoyote, uliza bei ya ile ya mpinzani yenye nguvu sawa, siku hiyohiyo, na kwa muuzaji mwingine. Asiyetaka kukutajia, mkimbie.

Mwambie akupigie picha ya maandishi ya prosesa yenyewe, siyo stika ya kwenye kava, uiweke hapa leo. Nitakaa macho nikusubiri.